Deni la masomo la Marekani likikufuata hadi Lubumbashi: hatua za kuchukua

Wapo Lubumbashi watu waliosomea Marekani kisha wakarudi nyumbani. Mmoja yuko migodini upande wa Kolwezi, mwingine kwenye shirika, mwingine ana biashara yake mjini. Kuna waliopelekwa kule kama wakimbizi kutoka kambi za Tanzania au Zambia, wakasoma koleji Ohio au Texas. Kuna waliopata viza ya mwanafunzi. Wengine walimaliza, wengine walikatiza njiani. Deni lilibaki, na deni halina habari kama mwenyewe amehama bara. Miaka inapita kimya, halafu siku moja simu yenye +1 mbele inaita saa nane za usiku, na sauti usiyoijua inakutaja majina yako yote hadi lile la ubatizo.

Wazee husema dawa ya deni ni kulipa, na sina ugomvi nao. Ila kwa deni la aina hii kuna kazi inayotangulia kulipa, nayo ni kujua anayedai ni nani na anadai kwa karatasi gani. Anayeruka hapo anaweza kumlipa tapeli. Anaweza kufufua deni ambalo muda wake wa kushtakiwa ulikuwa umekwisha. Na anaweza kukosa mlango wa dola 5 kwa mwezi ambao mwenzake ameupitia.

Hatua ya 1: Kwenye simu ya kwanza, usikiri wala usilipe

Mkusanya madeni akikupata kwa simu hutafuta mambo mawili: useme deni ni lako, na utoe chochote, hata dola 20, kama ishara ya nia njema. Usimpe hata moja. Jibu lako liwe fupi: "Sina maelezo ya deni hilo. Nitumieni kwa maandishi." Mpe barua pepe, basi. Namba ya Social Security, jina la mwajiri, akaunti ya banki, avenue na namba ya parseli yako, yote hayo hayamhusu kwa sasa. Wewe ndiye umuulize jina lake, jina la kampuni, anwani na namba ya faili, uandike pamoja na tarehe na saa. Usimtukane. Maneno ya hasira hurekodiwa sawasawa na maneno ya kukiri.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayowabana wakusanya madeni, FDCPA, inawakataza kupiga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, na saa inayohesabiwa ni ya pale alipo mdaiwa. Lubumbashi inaitangulia New York kwa saa 6 wakati wa kiangazi chao na saa 7 wakati wa baridi yao. Ndiyo maana simu ya saa mbili jioni ya kule inakuangukia saa nane usiku. Waandikie mara moja kwamba uko nchi yenye saa za UTC+2 na kwamba unataka mawasiliano ya barua pepe tu. Nchi inatosha, kartié si lazima. Kanuni za utekelezaji zilizoanza 30 Novemba 2021 zinakuruhusu kukataa njia fulani ya mawasiliano, na zinaichukulia kampuni inayopiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja kuwa inasumbua.

Familia nayo iandaliwe. Mkusanya madeni anaweza kumpigia ndugu ili kuuliza tu unapatikana wapi. Haruhusiwi kumwambia kwamba unadaiwa, na kwa kawaida haruhusiwi kumrudia mtu huyo huyo. Ukiwa na mama pale Katuba ambaye namba yake uliiandika kwenye fomu miaka ile, keti naye mapema:

— Mama, mutu akipiga ananiulizia, umwambie sipo, aniandikie.

— Na akisema watakufunga?

— Hapo umuulize jina yake na kampuni yake, uandike kwenye karatasi, unipatie.

Karatasi hiyo ya mama ina uzito. Kutishia kumfunga mtu kwa deni la kawaida kumekatazwa na sheria hiyo hiyo, na tarehe, saa na jina ndivyo vinavyogeuza lalamiko kuwa ushahidi. Kaka yako aliye Houston pia apate habari: kama hakusaini popote, hadaiwi.

Hatua ya 2: Tambua deni ni la aina gani

Hapa ndipo mambo yote yanapoamuliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna mkopo wa serikali kuu ya Marekani, kuna mkopo wa banki au kampuni binafsi, na kuna ada ambayo chuo chenyewe kinakudai. Yote matatu watu huyaita deni la masomo, na sheria zake hazifanani hata kidogo.

Kipimo cha haraka ni hiki: ulipokuwa unasoma, ulikuwa na karatasi gani? Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapewi mkopo wa serikali. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi, mwenye green card na raia wanaweza kupewa. Basi kama ulienda kwa F-1 na hukubadili hali yako ukiwa chuoni, na mtu anakwambia anakusanya kwa niaba ya Wizara ya Elimu ya Marekani, usimwamini. Deni lako, kama lipo, ni la banki au la chuo.

Aliyekwenda kama mkimbizi aangalie StudentAid.gov. Ukiingia kwa akaunti yako utaona kila mkopo wa serikali uliochukua, tarehe, kiasi, hali yake, na nani anausimamia leo. Kikwazo kikubwa ni ile namba ya simu ya Marekani uliyoiacha, kwa sababu msimbo wa kuingilia unatumwa huko. Kama barua pepe ya zamani bado inafunguka, tumia hiyo. Kama haifunguki, itabidi uwapigie uthibitishe wewe ni nani. Ofisi za pwani ya mashariki zinapofungua saa mbili asubuhi, hapa ni saa nane mchana wakati wa kiangazi chao, au saa tisa wakati wa baridi, kwa hiyo una mchana wote mbele yako. Namba za 1-800 hazipokelewi vizuri kutoka +243, ila programu za kupiga kupitia intaneti huzifikia.

Mkopo wa serikali huhesabiwa umeshindikana baada ya siku 270 bila malipo. Zamani Wizara iliwapa kampuni binafsi kazi ya kukusanya mikopo hiyo, lakini mwaka 2021 mikataba hiyo ilimalizwa na mikopo iliyoshindikana ikarudishwa kwenye kitengo cha Wizara yenyewe, Default Resolution Group. Kuna tofauti moja. Waliokopa kabla ya Julai 2010 wanaweza kuwa na mkopo wa mpango wa zamani, FFEL, ambao ulitolewa na banki kwa dhamana ya serikali. Ukishindikana, huo hushikwa na shirika la dhamana, ECMC kwa mfano, na shirika kama hilo linaweza kutumia mkusanya madeni. Kwa hiyo jina geni kwenye barua si lazima liwe la tapeli. Lipeleke kwenye ukurasa wako wa StudentAid.gov uone kama linalingana.

Mkopo binafsi hauonekani huko. Utafute kwenye ripoti za mikopo za Equifax, Experian na TransUnion, zinazopatikana bure kupitia AnnualCreditReport.com. Ikikukatalia kwa sababu uko nje ya Marekani, omba kwa barua. Na usifurahi mapema ukikuta ripoti ni safi: habari nyingi mbaya hufutwa kwenye ripoti baada ya miaka 7, lakini deni lenyewe halifutiki kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Dai karatasi, uisome kwa kalamu mkononi

Mkusanya madeni anapaswa kukupa taarifa ya deni kwenye mawasiliano ya kwanza au ndani ya siku 5 baada yake. Asipoituma, usiendelee na mazungumzo mengine.

Juu kabisa pana jina la kampuni inayokusanya na jina lako. Chini yake pana jina la mdai, yaani mwenye deni leo, na mara nyingi jina la banki iliyokopesha mwanzo. Majina hayo mawili yakitofautiana, deni limeuzwa, na una haki ya kuuliza lilipita mikono gani. Kisha kuna jedwali dogo: kiasi kilichokuwa kinadaiwa tarehe fulani, riba iliyoongezwa tangu hapo, gharama zilizoongezwa, malipo yaliyopunguzwa, na jumla ya leo. Mwisho kuna sehemu ya kujaza na kurudisha, yenye visanduku: deni si langu, kiasi si sahihi, sababu nyingine. Tarehe ya mwisho ya kupinga imeandikwa humo. Una siku 30 tangu upokee.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Tuseme ulikopa dola 12,000 kwa asilimia 6.8, riba ya mikopo mingi ya serikali kati ya 2006 na 2013. Kwa mwaka ni dola 816, kwa mwezi dola 68. Sasa, kuanzia 13 Machi 2020 hadi mwisho wa Agosti 2023 riba ya mikopo inayoshikiliwa na Wizara ilikuwa sifuri kwa sababu ya korona, na baadaye mikopo ya FFEL iliyokuwa imeshindikana ikaingizwa kwenye nafuu hiyo. Kwa mfano wetu ni zaidi ya dola 2,800 ambazo hazipaswi kuwemo. Kama jedwali linaonyesha riba imepanda bila kusimama miaka hiyo, na mkopo ni wa serikali, umeshapata sababu ya kupinga. Kwa mkopo binafsi nafuu hiyo haikuwepo.

Pingamizi liandikwe kwa Kiingereza, mistari michache: jina lako, namba ya faili, "ninapinga deni hili", unaomba jina na anwani ya mkopeshaji wa kwanza, nakala ya mkataba uliosaini na historia ya malipo. Usieleze maisha yako. Usiandike "deni langu", andika "deni mnalodai". Ukipinga kwa maandishi ndani ya siku zile 30, lazima wasimamishe kukusanya mpaka wakupe uthibitisho. Kampuni inayowasiliana kwa barua pepe kwa kawaida hupokea pingamizi kwa njia hiyo hiyo. Ukiwa na ndugu kule, aipeleke pia posta kwa rejista yenye saini ya kupokelewa. Kutegemea posta ya kwetu kwa jambo lenye tarehe ya mwisho ni kujitafutia matatizo.

Hatua ya 4: Kama ni mkopo wa serikali

Habari mbaya kwanza. Tangu 1991 mikopo hii haina ukomo wa muda wa kudaiwa. Iwe ya 1998 au 2012, bado ni hai. Wizara haihitaji mahakama ili ikate hadi asilimia 15 ya mshahara unaolipwa Marekani, au kuchukua marejesho ya kodi. Ukusanyaji uliosimama kwa korona ulianza tena 5 Mei 2025. Mwajiri wa Kikongo hapokei amri hiyo, lakini mwenzako aliye kule mnayejaza naye fomu ya kodi pamoja anaweza kuona marejesho yenu yakichukuliwa.

Habari njema ni kwamba mikopo hii ndiyo yenye milango mingi ya kutokea.

Mlango wa kwanza ni kuurekebisha mkopo. Unakubaliana nao malipo ya mwezi, unalipa mara 9 ndani ya miezi 10 mfululizo, kila malipo ndani ya siku 20 za tarehe yake. Ukimaliza, alama ya kushindwa inafutwa kwenye ripoti yako. Kiasi kinatokana na kipato: wanachukua kipato cha mwaka, wanatoa asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kwa ukubwa wa familia yako, kisha asilimia 15 ya kinachobaki wanaigawa kwa 12. Weka namba. Mwaka 2025 kiwango hicho kwa watu 4 kilikuwa dola 32,150, na asilimia 150 yake ni 48,225. Baba wa Kampemba mwenye mke na watoto wawili, anayelipwa dola 1,500 kwa mwezi, ana 18,000 kwa mwaka. Hakibaki kitu, kwa hiyo analipa kiwango cha chini, dola 5 kwa mwezi. Dola 45 kwa jumla, na mkopo unatoka kwenye kushindikana! Deni lenyewe bado lipo, lakini sasa liko mahali unapoweza kulipanga.

Watakuomba uthibitisho wa kipato. Karatasi ya mshahara ya franga na Kifaransa itafsiriwe Kiingereza na uonyeshe kiasi kwa dola. Mkopo mmoja hurekebishwa mara moja tu kwa sasa. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 itaruhusu mara ya pili kuanzia 1 Julai 2027. Usianze kama huna uhakika wa miezi 10.

Mlango wa pili ni kuunganisha mikopo kuwa mmoja mpya, kwa kukubali mpango wa kulipa kulingana na kipato, au kwa kulipa kwanza mara 3 mfululizo. Ni wa haraka zaidi, ila alama ya kushindwa inabaki kwenye ripoti. Kwa mtu asiye na mpango wa kununua nyumba Marekani hivi karibuni, mimi naona alama hiyo haina uzito mkubwa. Kwa anayetaka kurudi kule na familia, ningependelea mlango wa kwanza.

Mikopo ikishatulia, unalipa kwa kipato. Raia wa Marekani au mwenye green card anayeishi Lubumbashi bado anatakiwa kujaza fomu ya kodi ya kule kipato chake kikifika kiwango cha kulazimika, na humo ndimo ulipo msaada. Aliyekaa nje siku 330 ndani ya miezi 12 anaweza kuondoa mshahara alioupata nje kwenye hesabu ya kodi, hadi dola 130,000 kwa mwaka 2025. Kipato cha kwenye fomu kikishuka hadi sifuri, malipo ya IBR, mmoja wa mipango ya kulipa kwa kipato, nayo yanaweza kuwa sifuri, na miezi hiyo inahesabiwa kwenye miaka 20 au 25 ya kufutiwa. Mipango hiyo inabadilika: SAVE, PAYE na ICR zinaondolewa kufikia 1 Julai 2028, na RAP, mpango mpya wa kuanzia 1 Julai 2026, ina kiwango cha chini cha dola 10. Mwenye mikopo ya zamani aulize IBR kwanza.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama mkopo unaweza kufutwa moja kwa moja. Chuo kilifungwa ukiwa bado ndani? Kilikudanganya kuhusu kazi na mishahara? Corinthian Colleges ilifungwa 2015, ITT Technical Institute Septemba 2016, na mwaka 2022 Wizara ilitangaza kuwafutia waliokopa: watu 560,000 wa Corinthian na 208,000 wa ITT. Vyuo vya namna hiyo viliwavuta sana wageni kwa ahadi za kazi ya haraka. Angalia faili yako, huenda umefutiwa na barua ilikwenda kwenye apatimenti uliyohama. Ulemavu wa kudumu nao hufuta mkopo, na kifo pia. Familia hairithi mkopo wa serikali, inapeleka cheti cha kifo tu.

Hatua ya 5: Kama ni mkopo binafsi

Hapa saa inafanya kazi upande wako, lakini taratibu. Kila jimbo lina muda ambao mdai anaweza kushtaki: mara nyingi kati ya miaka 3 na 6, kwingine hufika 10. Texas ni 4, Ohio ni 6 kwa mkataba ulioandikwa. Muda ukishapita, mkusanya madeni haruhusiwi kukushtaki wala kukutishia kesi, ingawa anaweza kuendelea kukuomba.

Angalia mitego miwili. Katika majimbo mengi, malipo madogo au barua ya kukiri huanzisha hesabu upya. Ile dola 20 ya nia njema inaweza kukurudisha mwaka sifuri. Mtego wa pili unatuhusu hasa sisi tuliorudi: baadhi ya majimbo, Texas na Ohio yakiwemo, yana sheria ya kusimamisha saa mdaiwa akiwa nje ya jimbo. Kwa hiyo usihesabu miaka kwa vidole vyako na kutangaza kwamba umepona. Muulize wakili wa msaada wa kisheria wa jimbo ulikosaini, yaani Legal Aid, ambao huwahudumia bure wenye kipato kidogo.

Angalia pia kama umeshashtakiwa. Kesi hupelekwa kwenye anwani ya mwisho waliyo nayo, hakuna anayejibu, na hukumu inatoka bila wewe kuwepo. Kaunti nyingi zina rekodi za mahakama kwenye intaneti, tafuta jina lako kwenye ile uliyoishi. Ukikuta National Collegiate Student Loan Trusts kama mlalamikaji, jua kwamba kesi zao kadhaa zilitupwa na majaji kwa kukosa karatasi za kuthibitisha kwamba deni ni lao. Kwa hiyo nakala ya mkataba unayoidai si maneno ya kupoteza muda.

Mdhamini umfikirie mapema. Mikopo mingi ya wanafunzi wa kigeni ilihitaji mtu wa kule asaini pamoja. Kama ni mjomba wako, yeye anadaiwa kama wewe, tena yeye ana mshahara unaoshikika. Mpigie kabla hujaanza ubishi wowote na kampuni.

Ukiamua kumaliza, kampuni nyingi hupokea kiasi pungufu kwa mkupuo mmoja. Anza chini. Usitume hata senti kabla ya barua inayosema nani ni mwenye deni, kiasi gani kinamaliza deni lote, na kwamba baki halitauzwa kwa mwingine. Pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana, inaweza kusaidia kama zamu yako imefika. Lakini usiende kwa Banque Lambert, mkopeshaji wa mtaani, kukopa ili umlipe mtu wa Marekani. Riba ya mtaani itakumaliza kwa miezi, na huyo wa mtaani anajua unapolala.

Hatua ya 6: Kama ni ada ya chuo

Hili huwauma zaidi wanaotaka équivalence, yaani diploma yao itambuliwe Kinshasa, kwa sababu chuo kinashikilia nakala za alama. Majimbo kadhaa yamekataza desturi hiyo, California tangu 2020 na New York tangu 2022, na tangu Julai 2024 kanuni ya serikali kuu inadai chuo kitoe alama za mihula iliyolipiwa kwa msaada wa serikali na ambayo ada yake ilikamilika. Ukweli ni kwamba ofisi ya msajili ukiiandikia kwa heshima na kueleza kwamba alama zinahitajika kwa kazi, mara nyingi inasikiliza kuliko mkusanya madeni waliyemkodi. Anza huko.

Hatua ya 7: Namna ya kulipa ukiwa hapa

Kama akaunti yako ya banki ya Marekani bado iko wazi, itunze kama yai. Ndiyo njia rahisi kuliko zote. La sivyo, ndugu aliye kule alipe kutoka akaunti yake, namba ya mkopo wako ikiandikwa kwenye malipo, akutumie picha ya risiti siku hiyo hiyo. Usiridhike na "nimeshalipa, yaya". Kutuma moja kwa moja kutoka banki ya hapa kunawezekana, lakini makato ya uhamisho wa kimataifa yatazidi mbali dola 5 unazodaiwa. Kumruhusu ndugu azungumze kwa niaba yako, jaza fomu ya idhini ya msimamizi wa mkopo. Usimpe neno lako la siri la StudentAid.gov, hata awe nani.

Anayeomba ulipe kwa kadi za zawadi, kwa sarafu za mtandaoni au kwa Western Union kwa jina la mtu binafsi ni mwizi. Vivyo hivyo anayekupigia kuahidi kukufutia deni kwa ada ya mbele: kampuni za simu za namna hiyo zimekatazwa kupokea ada kabla ya kazi kufanyika, na fomu zote nilizotaja hapa ni bure. Malalamiko hupelekwa Consumer Financial Protection Bureau. Ofisi hiyo imepungukiwa nguvu tangu 2025, kwa hiyo nakala iende pia kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Je, wanaweza kukufuata hadi Lubumbashi?

Kutolipa mkopo si kosa la jinai Marekani, na Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na Kisiasa, ambalo nchi yetu iliingia 1976, linakataza kwenye kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Pasipoti ya Marekani hunyimwa mtu kwa deni kubwa la kodi au matunzo ya mtoto. Mkopo wa masomo haumo.

Hukumu ya mahakama ya kule haina nguvu hapa kwa yenyewe. Inabidi mdai aombe exequatur, yaani kibali cha kutekeleza hukumu ya nje, kwenye Tribunal de grande instance, uitwe, usikilizwe. Ni gharama, na kwa deni la dola elfu chache ni vigumu kuona kampuni ikijisumbua. Akija mtu mlangoni na karatasi, akajiita huissier, yaani afisa wa kutekeleza hukumu, muombe kadi yake ya kazi na nakala ya hukumu yenye exequatur ya mahakama ya Lubumbashi, uisome mbele yake pamoja na jirani. Akija na polisi bila karatasi hiyo, usisaini kitu wala usimpe hata franga za usafiri. Chukua majina, kisha nenda barreau, chama cha mawakili, ukatafute wakili, ukiwa na ile faili ya barua pepe na karatasi ya mama mkononi.